Uzi Mwekundu Shingoni mwa Chupa

Mwajabu binti Salumu hajui kusoma, lakini nyumbani kwake Chamazi hakuna chupa inayomchanganya. Yenye mafuta ya nazi matupu haina kitu shingoni. Yenye mafuta ya nazi yaliyolala na maua ina uzi mweupe. Na ile ndogo, nyeusi, inayokaa peke yake juu ya kabati, mbali na jua, mbali na jiko na mbali na mikono ya watoto wa jirani, ina uzi mwekundu uliozungushwa ukakazwa kwa fundo gumu. Hiyo hata yeye mwenyewe haifungui akiwa na haraka.

Uani kwake pana mlangilangi. Aliupanda alipohamia, akaumwagilia maji ya kuoshea vyombo mpaka ukampita urefu, ukaipita na paa. Siku za mechi watu wanaotoka uwanjani hupita na kelele zao za kushinda au kushindwa, lakini wakifika kwenye ua wake hupunguza mwendo, huvuta hewa, na mmoja huwauliza wenzake nani anaoa humu. Mwajabu huwasikia akiwa ndani na huwaacha waulizane.

Maua huyachuma asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, na huchuma ya njano tu, yale yaliyoingia wekundu kidogo pale katikati. Ya kijani huyaacha mtini, kwa sababu hayana harufu bado isipokuwa ya majani. Hayo alifundishwa Kunduchi na bibi mzaa mama yake, mwanamke aliyekaanga samaki tangu asubuhi na jioni akanukia kama bibi harusi. Bibi alikuwa akichemsha tui zito mpaka mafuta yajitenge, akiyaacha yapoe yabaki vuguvugu, kisha akitia maua. Maua yakinyauka aliyatoa akatia mengine, mpaka nyumba nzima ijue kuna kinachopikwa. Mafuta yale yalipakwa nywele. Mzazi aliyetimiza arobaini alikandwa nayo mgongo. Kanzu ya Ijumaa iliguswa nayo kidogo kwenye ukosi. Uliyamimina kiganjani ukajipaka ulivyotaka, na hayakuwa na ugomvi na mtu.

Vile vichupa vidogo vilikuja baadaye, kutoka Pemba, mafuta yanayotolewa kwa mvuke. Kapu zima la maua linaishia kwenye kichupa cha ukubwa wa kidole gumba. Mwajabu alipoyapata mara ya kwanza kwa muuza manukato wa Kariakoo, aliyanusa yakampanda kichwani, akajua hapohapo kwamba haya si ya kumimina kiganjani. Yule muuzaji naye alimwambia asiyatumie makavu, yaani bila kuyachanganya na mafuta mengine. Mwajabu hakumwamini wala hakumkatalia. Alikwenda nyumbani, akajipaka tone moja ndani ya kiwiko, akalala. Asubuhi palikuwa pekundu, panawasha, pamevimba kama aliyeumwa na siafu. Akachukua uzi mwekundu, akafunga shingo ya chupa, na tangu siku hiyo uzi huo haujatoka.

Wakati huo alikuwa akikaa Tandika, ana mume, ana jina. Kazi yake ilikuwa kuwasinga wanawali: kuwasugua mwili kwa singo, ule unga wa mti wa liwa wenye harufu nzuri, mawaridi makavu, karafuu na maua ya mlangilangi, uliokandwa kwa marashi, mpaka ngozi itoe uchafu wa miaka na ing'ae. Mama hamsingi bintiye mwenyewe. Kuna mambo yanayosemwa chumbani humo ambayo mama akiyasema na mwanawe wote wawili hawatatazamana tena. Kwa hiyo aliitwa Mwajabu. Aliitwa Temeke, aliitwa Mtoni, aliwahi kufuatwa kutoka Mbezi Beach na watu waliokuja kwa gari lao. Na kila alipokwenda alikwenda na Munira, shoga yake, ambaye alishika mabakuli, alitwanga liwa, alichangamsha chumba kwa maneno yake, na wanawake wakampenda.

Kisha ikaja arusi ya Farida, binti wa hapohapo Tandika.

Mwajabu alimsinga Farida mwenyewe, kuanzia vidole vya miguu hadi shingoni. Alipomaliza alitoka kwenda kutawadha, maana alasiri ilikuwa imeadhiniwa. Aliporudi, bibi harusi alikuwa amesimama katikati ya chumba anashika shingo, anasema anaungua. Mama yake alikimbilia maji ya moto na sabuni, na hilo likazidisha, kwa sababu mafuta yale hayaondoki kwa maji, yanasambaa tu. Mwajabu akapiga kelele leteni mafuta ya nazi na kitambaa, yafutwe kwa mafuta wenzake. Nani wa kumsikiliza? Mgongo na shingo ya Farida vilivimba, baadaye vikaacha mabaka meusi, na usiku wa arusi yake binti wa watu aliingia ukumbini amejifunga mtandio hadi kidevuni.

Walisema liwa ya Mwajabu ilioza. Wakasema alitwanga maua yaliyolala. Mwisho, kwa kuwa hakuwa na mtoto, wakasema mkono wake una husda, kila binti anayeolewa unamuuma. Yeye alipofungasha kapu lake alikikuta kile kichupa chenye uzi mwekundu kimepungua hadi nusu. Alimfuata Munira uani, akakiinua mbele ya macho yake.

"Shoga, mie nilikuwa jikoni na wali," Munira akasema. "Usinitazame hivyo."

Hakuwa na shahidi. Mwenye kulia kizimbani bila shahidi hulia peke yake, na Mwajabu hakutaka kuliliwa wala kuchekwa, kwa hiyo habari ya kichupa hakuisema kwa mtu yeyote ila Twaha, mumewe. Twaha aliisikiliza akila. Akamuuliza Munira atapata faida gani kuharibu arusi ya watu. Kabla mwaka haujageuka alikuwa ameoa mwanamke mwingine, akidai kwamba hawezi kupita barazani watu wananong'ona. Na Munira, ambaye alikuwa jikoni na wali, alifungua saluni barabarani, akawapokea wanawali wote waliokuwa wa Mwajabu, mmoja baada ya mwingine.

Kuna watu huambiwa wasahau wakasahau. Mwajabu si katika hao. Alihamia Chamazi na kapu lake na chupa zake, akapanda mti. Aliwauzia wanawake mafuta ya nywele ya uzi mweupe. Mwenye mimba changa alimrudisha nyumbani bila kumuuzia harufu kali yoyote. Aliyemletea mtoto mchanga apakwe, alimpa nazi tupu. Anayeumwa kichwa alimwambia akae mbali na maua. Waliozoea kununua bila kuulizwa maswali walimwona ana maringo. Kweli alikuwa nayo. Ndicho kitu pekee ambacho hawakumchukulia. Na akiwa na safari ya Tandika, kwa msiba au kwa ndugu, alipita uchochoro wa nyuma, asikatize mbele ya baraza la kina mama Farida.

Miaka ikaenda. Asubuhi moja alikuwa amekaa kwenye mkeka anachagua maua kwenye ungo, msichana mrefu akabisha hodi, akavua viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

"Naima. Wa Munira."

Mwajabu aliendelea na maua yake. "Umekua. Mama yako mzima?"

"Mzima. Hajui kama nimekuja huku."

"Basi rudi kabla hajajua."

Naima hakurudi. Alikaa pembeni ya mkeka, akaanza naye kutoa vijiti kwenye ungo, kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Naolewa, mama. Nataka unisinge wewe."

"Kwenu si mna saluni nzima?"

"Mama hawezi kunisinga mie, unajua. Na wale wasichana wake siwataki. Ngozi yangu hii hata sabuni mpya inanitoa vipele. Nilipokuwaga mdogo nikiwashwa, mama alinileta kwako. Hakunipaka yeye, alinileta kwako. Kwa nini?"

Mwajabu akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Kamuulize yeye."

"Nakuuliza wewe."

Binti huyu ana mdomo wa mama yake, Mwajabu akawaza, ila macho sijui kayatoa wapi. Akanyanyuka, akaenda kukoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa. Alikuwa akipima. Akikataa, Tandika watasema si tulisema, anaogopa mkono wake mwenyewe. Akikubali, na katika nyumba ya Munira, mbele ya wanawake walewale, binti huyu akatoka na kipele kimoja shingoni, basi jina lake limezikwa na halitafukuliwa tena hata akifa. Na ngozi yenyewe ndiyo hii, ya kuchukizwa na sabuni. Mtu mwenye akili angebaki na mti wake.

"Nyoosha mkono," akasema.

Alichukua kikombe cha mafuta ya nazi, akafungua kichupa cha uzi mwekundu, akatonesha matone mawili, akakoroga kwa kijiti. Akampaka Naima kidogo ndani ya kiwiko.

"Usipaoshe. Njoo kesho nipaone. Pakiwa pekundu, nakusinga kwa liwa na mawaridi tu, harufu utaitafuta kwenye nguo. Pakiwa salama, tutaongea."

"Na pakiwa salama utakubali?"

"Kwa sharti. Wote waliokuwepo siku ya Farida waitwe. Na mama Farida akae mbele."

Kesho yake kiwiko kilikuwa safi kama alivyozaliwa nacho.

Munira alipoambiwa alikwenda saluni akarudi jioni, Naima alisimulia baadaye. Kisha akasema, haya, mwiteni, isije ikasemwa nimemzuia. Kwa hiyo mchana wa Alhamisi Mwajabu aliingia Tandika na kapu lake, kwa uchochoro wa nyuma kama kawaida yake, akaingizwa chumba cha ndani ambako mikeka ilikuwa imetandikwa na udi unafukizwa. Wanawake walijaa. Wengine walimwamkia, wengine walitazama kucha zao. Mama Farida alikaa karibu na dirisha, mkoba mapajani, kama aliyekuja hospitali kusubiri majibu. Munira mwenyewe hakukaa. Alizunguka mlangoni na sinia la vitumbua, akitoka na kuingia.

"Huyu leo kapendeza," mwanamke mmoja akanong'ona, si kwa sauti ndogo sana.

"Nilipendeza na siku ile," Mwajabu akamjibu bila kugeuka. "Sema hamkunitazama mie."

Chumba kikacheka, kidogo, kwa kushtuka. Akaomba dirisha lifunguliwe, kwa sababu harufu ikizidi kwenye chumba kilichofungwa humtapisha mtu, akaanza kazi.

Mikono yake ilijua njia. Aliisugua singo kutoka vidoleni kwenda begani, kutoka kiunoni kwenda shingoni, taratibu, ikikauka ikipukutika kwenye mkeka, na chini yake ngozi ya Naima ikatoka laini, ina rangi ya mbegu ya fenesi iliyooshwa. Wanawake waliacha kunong'ona. Waliimba. Mama Farida tu ndiye hakuimba. Alitazama mikono ya Mwajabu kila ilikokwenda, asiiache hata iliporudi kwenye bakuli. Na Mwajabu, ambaye kwa miaka mingi hakuwa ameguswa na kitu kiitwacho raha, aliisikia ikimpanda kutoka viganjani. Hakuna wa kumfundisha hili, akawaza. Hakuna.

Ndipo akaingia Bi Hidaya, shangazi wa bwana harusi, na wenzake wawili kutoka Kunduchi, na vigelegele. Upande wa mume huja na manukato yao, ni desturi, na kuyakataa ni kuwatukana. Bi Hidaya alikuwa mwanamke mnene, mwenye furaha, asiye na ubaya na mtu. Alifunua leso akatoa kichupa cheusi.

"Hii imetoka Pemba kwa ajili ya mkwe wetu," akasema. "Halisi. Nataka akiingia ukumbini, waliokaa nje walipe kiingilio kwa kunusa tu."

Wanawake wakacheka. Bi Hidaya akafungua kifuniko, akafanya kile ambacho bibi yake angefanya na mafuta ya maua, na bibi wa bibi yake: akainamisha chupa juu ya mgongo wa bibi harusi ili aimimine.

Ngozi iliyotoka kusingwa ni kama ya mtoto mchanga, haina kinga. Mwajabu aliona, akainuka, lakini alikuwa upande wa pili, mikono imejaa liwa hadi viwikoni, na Naima yuko katikati yao.

Sinia lilianguka. Vitumbua vilitawanyika hadi chini ya kitanda. Munira alikuwa amefika, ameukamata mkono wa Bi Hidaya kwa mikono yake yote miwili.

"Usimmwagie makavu," akasema, anahema. "Mgongo umesuguliwa, yatamuunguza. Yatamfanya kama Farida."

Nyimbo zilikatika. Bi Hidaya, ambaye hakumjua Farida wala habari zake, alimtazama kila mtu kwa zamu, chupa ingali hewani. Ni mama Farida aliyezungumza, kutoka dirishani, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

"Kama Farida vipi, Munira?"

Munira aliangalia vitumbua sakafuni.

"Mie miaka yote hii naambiwa liwa ilioza. Umeniambia wewe, kwa mdomo wako, umekaa kwenye kiti changu. Habari ya mafuta makavu mgongoni hakuna aliyewahi kuniambia. Wewe umeijuaje?"

Munira aliuachia mkono wa Bi Hidaya. Alimtazama Mwajabu, na Mwajabu hakumsaidia. Alisimama tu pale, liwa ikimkaukia mikononi. Miaka mingi alikuwa ametunga ya kusema siku hii ikifika, maneno makali ya kukata mtu, na sasa hakuyahitaji hata moja.

"Nilimwagia mie," Munira akasema. "Alipotoka kwenda kutawadha. Wakwe wa Farida walisema wanataka anukie. Nikaona Mwajabu anabana, anatia matone kama anamnyima mtoto wa watu. Nikamimina." Akakaa kitandani. "Sikujua kama yanaunguza. Wallahi sikujua. Nilijua baadaye, na baadaye nikaogopa."

"Uliogopa," mama Farida akasema. "Na saluni ukafungua."

Hakuna aliyecheka. Naima alikuwa amegeuza uso, anamtazama mama yake, na macho yake yalikuwa hayana maji, na hayo kwa mama yeyote ni mabaya kuliko kilio.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha, na Bi Hidaya alikuwa bado amesimama na zawadi yake, uso umemshuka, anadhani ameharibu shughuli ya watu. Mwajabu alinawa mikono kwenye beseni, akajifuta, akamwendea.

"Shangazi, zawadi yako ni nzuri. Nipe niipokee."

"Mwanangu, mie sikujua."

"Hukujua kwa sababu hujaambiwa. Sikiliza basi, nanyi wengine sikilizeni. Haya hayaguswi makavu na mwili. Yanaingia matone mawili matatu kwenye kikombe cha nazi, na kwanza yanajaribiwa kiwikoni, yanalazwa hadi kesho. Haya yako hayajajaribiwa kwa binti huyu, na ngozi yake ina kelele. Kwa hiyo mwili atapakwa yangu, ambayo ngozi yake inayajua. Ya kwako yataingia kwenye pamba, pamba ikae sandukuni katikati ya nguo zake, isizishike ikazitia doa. Kila akifungua sanduku, wewe ndiye atakayekukumbuka. Mafuta ya mwilini yanaogwa kesho yakaisha. Ya sandukuni hayaishi leo."

Bi Hidaya akaanza kutabasamu tena. "Kwa hiyo zawadi yangu ndiyo itakayokaa sana."

"Ndiyo hiyo."

Mwajabu akachukua pamba, akatonesha, akaifunga kwenye kitambaa. Kisha akachana uzi kwenye pindo la leso yake nyekundu, akauzungusha shingoni mwa kile kichupa, akakaza fundo. Akakiweka juu ya kabati la Munira, juu kabisa, mbele ya watu wote. Akarudi kwa bibi harusi akamalizia. Naima alitoka kwenye chumba kile jioni hana hata alama ya kucha, na kila mlango aliopita watu waligeuka.

Uani, Mwajabu alipokuwa akikusanya vyombo vyake, Munira alimfuata.

"Shoga, nisamehe."

"Usiniite shoga," Mwajabu akasema. Akamkabidhi bakuli. "Lioshe kwa sabuni, mara mbili. Na usijishike macho kabla hujanawa."

Munira akalipokea, akachuchumaa bombani, akaosha. Aliosha vizuri. Mwajabu alisimama akamwangalia mpaka mwisho, akalichukua bakuli, akalinusa, akaliweka kapuni. Hakumsamehe. Labda atakuja kumsamehe, labda hatamsamehe, na hilo ni lake mwenyewe, asiulizwe na mtu.

Kwenye mlango wa nyuma alisimama. Uchochoro ulikuwa pale, umekauka, ameuzoea. Akageuza, akatokea mlango wa mbele, akajitwika kapu, akaishika barabara yenyewe katikati, jua lingalipo. Kwenye baraza la kina mama Farida walikaa wanawake wanachambua mchicha, na habari, kama ilivyo kawaida ya Tandika, ilikuwa imemtangulia. Mmoja aliinuka nusu.

"Mwajabu. Unatoka wapi unanukia hivyo?"

Hakupunguza mwendo.

"Kazini kwangu," akasema.